Bomba Lipo, Maji Bado

Mambo ya lile bomba yalinigharimu ndama mmoja, mteja mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao, na sehemu kubwa ya jina langu, ambalo ilibidi nilirudishe kwa miguu, mji kwa mji, kama tunavyoiita kaya huku kwetu. Rafiki yangu Nyanzobe yalimgharimu punda wawili. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu, na bado naona nilitoka salama. Naanza na gharama kwa sababu ninyi vijana mnaoendesha magari ya matangazo siku hizi, mkikutana nami Bariadi, swali lenu la kwanza ni nilipata kiasi gani. Nilikula, nikasomesha, nikaezeka bati. Hilo limeisha. Mwaka huu koo limeniomba ruhusa ya kupumzika, nami nimelikubalia bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nilianza kazi hii nikiwa muuza nyanya sokoni. Pembeni ya meza yangu kulikuwa na duka la spea za baiskeli, na tajiri wa duka alikuwa na pikapu yenye spika mbili za honi juu ya kabini, akiwakodishia wenye harusi, wenye dini na wenye siasa. Siku moja alikuja kulalamika kwamba mtangazaji wake hasikiki kwa sababu yangu.

"Mama, nani anakulipa kupiga kelele namna hii?"

"Nyanya."

"Zinakulipa vizuri?"

"Zikinunuliwa. Wewe umesimama mbele yake unazikinga na jua tu."

Alinunua. Kisha akaanza kuninunua mimi. Tulibishana mpaka soko likafungwa. Yeye akapanda kidogo, mimi nikashuka kidogo, chakula cha mchana kikawa juu yake. Kesho yake nikapanda pikapu.

Dereva na fundi wa ile pikapu alikuwa Mzee Luhende, mtu mrefu, mkavu, ambaye kicheko alikuwa anakibeba mpaka nyumbani akakichekee huko. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kufunga kitambaa chepesi kwenye maiki ili vumbi la njia ya Mwandoya lisiingie, kukagua maji ya betri kabla ya kukagua koo langu, na kuinamisha spika kidogo ili maneno yawaendee watu badala ya kuwaendea ndege. Alinikataza maziwa ya mgando kabla ya kazi, kwa sababu yanaziba sauti. Lakini huku kwetu kila mji unaoingia unakaribishwa na maziwa, na kuyakataa ni kuwatukana wenyeji. Tukakubaliana mimi napokea, yeye anakunywa. Alinenepa kidogo mwaka ule.

Siku yangu ya kwanza nilipewa matangazo mawili: harusi ya mtoto wa mfanyabiashara mmoja, na chanjo ya mbwa. Nikayasoma yote mfululizo, gari likitembea, kwa sauti ambayo leo siipati kwa bei yoyote. Sikujua kwamba mtu aliyeko shambani anasikia kipande tu cha gari linalopita. Jumamosi ile wageni wengi walifika harusini wakiwa na mbwa wao kwenye kamba. Baba wa bwana harusi alinifuata sokoni Jumatatu, mpole kabisa, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, sina ugomvi. Nauliza tu, wale mbwa walikuwa upande wa kiumeni au wa kikeni?"

Mzee Luhende hakunisema. Tulipofika kijiji kilichofuata alizima injini, akatazama mbele, akasema, "Kijiji kimoja, jambo moja. Na gari lisimame." Msiba ndio kabisa. Msiba hautangazwi gari likitembea, hata kama wingu limeshafunga. Mwenye kufiwa ana haki ya kusikia jina lote la marehemu mahali pamoja. Na kila tangazo, akasema, lianze na aliyekutuma, halafu ndiyo lije alilosema, ili watu wapime wenyewe.

Wateja wa siasa walikuja na kuondoka. Mmoja alikaa. Simtaji jina wala cheo. Tumwite Mheshimiwa, kama alivyopenda. Alikuwa msemaji kwelikweli. Alihutubia kwa Kiswahili, na kesho yake mimi nilizunguka na hotuba ile kwa Kisukuma kwenye vijiji ambavyo msafara haukufika, maana wazee na kina mama wa huko Kiswahili wanakijua, ila hawakitumii kwa mambo wanayoyaweka moyoni. Na nimpe haki yake: miaka ya mwanzo alichosema kilikuwepo. Alisema kalavati, nikatangaza kalavati, mvua ilipokuja tukapita juu ya kalavati. Alisema madawati, watoto wakakaa. Mtu akishakuletea mizigo mizuri mfululizo, unaacha kufungua magunia yake. Mimi ninayefungua gunia la mama yangu mzazi, la kwake nililipokea limefungwa.

Wakati huo tajiri alikuwa ameacha biashara na pikapu ilikuwa imeshakuwa yangu, na Mheshimiwa ndiye aliyeilisha mafuta. Siku moja alihutubia sehemu za Bukundi. Akasema maji ya bomba yatafika vijiji vya ukanda ule kabla pamba haijaanza kuchumwa. Akasema mabomba yameshafika Bariadi, ameyaona kwa macho yake. Watu walipiga vigelegele mpaka spika zangu zikaonekana ndogo.

Katika kimoja cha vijiji hivyo ndipo alipokaa Nyanzobe. Alikuwa mjane, mkulima wa pamba na choroko, na mji wake ndio niliokuwa nasimamisha gari kila nikipita. Kiangazi, watu wa pale wanachimba mchanga katikati ya mto mkavu mpaka maji yachomoze, halafu wanayabeba kwa punda. Nilipomaliza kutangaza ahadi ile kijijini kwake, Nyanzobe akaja mpaka dirishani, tukasalimiana kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola. Hayo maji ni ya kweli au ya mkutano?"

"Amesema mabomba ameyaona."

"Wewe umeyaona?"

"Yeye ameyaona."

"Lakini ninayekusikia ni wewe," akasema, akanipa maziwa.

Niliporudi baadaye punda hawakuwepo. Alikuwa amewapeleka mnadani, akaongeza choroko kidogo, akanunua mtamba wa ng'ombe. "Punda wa nini," akaniuliza, "maji yakiwa mlangoni?" Hakuwa peke yake. Kwenye mnada wa msimu ule bei ya punda ilianguka mpaka wauzaji wakawa wanagombana wao kwa wao. Mimi, mtu wa bei, niliona, nikadhani punda wamezaana.

Bomba lilikuja kweli. Lilisimamishwa karibu na mji wa Nyanzobe, likajengewa sakafu ya saruji na kuwekwa koki inayong'aa. Maji hayakuja. Pamba ikachumwa, ikauzwa, na kina mama wakarudi kwenye mchanga wa mto, safari hii ndoo zikiwa vichwani mwao. Mtamba wa Nyanzobe akazaa, na Nyanzobe akawa anamfunga ndama pale kwenye bomba. "Angalau lina kazi," alisema.

Nilikuwa nimekaa naye siku moja, tunachambua choroko, redio yake ndogo ikiwa kwenye mti wa uzio, aliposikika Mheshimiwa akihojiwa. Aliulizwa habari za maji. Akajibu kwa ile sauti yake nzuri kwamba mradi umekamilika, na akakitaja kijiji chetu kile kwa jina: wananchi wa pale wanachota maji safi na wanaishukuru serikali yao.

Nyanzobe aliinuka. Akachukua ndoo, akaenda kwenye bomba, akaitega chini ya koki, akafungua, akasimama akisubiri kama mtu aliye kwenye foleni. Ndama akaja kuilamba ile koki. Baada ya muda akafunga koki vizuri, akarudi, akaipindua ndoo, akaikalia.

"Nimeshukuru," akasema, akaendelea kuchambua choroko.

Nilicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaniishia katikati. Mtu anayekucheleweshea mzigo ni mfanyabiashara mwenzangu. Nimechelewesha mizigo mingi, nikaomba radhi. Lakini huyu alikuwa anamwambia mtu aliyekaa mikono mitupu kwamba ameshapokea. Siku ile ndipo nilipoyafungua magunia yake yote kichwani, moja baada ya jingine, na nikaanza kujiuliza kilichomo.

Watu wa vijijini walikuwa wamenitangulia kuyafungua. Haikupita muda bwana mifugo akanipa tangazo la chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Ugonjwa ulikuwa umeshasikika vijiji vya jirani, na huu si ugonjwa wa kungojea. Nilitangaza ukanda mzima, gari limesimama, kijiji kimoja jambo moja, kila kitu kama nilivyofundishwa. Siku yenyewe bwana mifugo alikaa kwenye josho na sindano zake mpaka adhuhuri. Alikuja mzee mmoja tu na ng'ombe anayechechemea, akitaka dawa ya mguu. Wengine walipita na mifugo yao kwa mbali. Nikamfuata mmoja, mtu ambaye nilimtangazia msiba wa baba yake, nikamuuliza kwa nini hawaingii.

"Mayu, hatukudharau," akasema. "Tunataka tu kujua. Chanjo hii ipo, au imesemwa?"

Nikarudi garini na swali lake. Sauti yangu ilikuwa imeanza kusikika kama ya Mheshimiwa, na ng'ombe wa watu wangekufa kwa sababu hiyo.

Wiki hiyohiyo katibu wa Mheshimiwa akaniita mgahawani Bariadi. Alikuwa kijana mcheshi aitwaye Mabula, nilimpenda na bado nampenda. Akaagiza chai na chapati za wawili.

"Mama, safari hii ni ya shukrani tu. Zunguka utangaze mradi wa maji umekamilika, vijiji vyote vya ukanda ule vinachota."

"Vyote ni bei ya kuanzia," nikamwambia. "Punguza."

Akacheka. "Mama, haya si mapapai."

"Papai naonyeshwa kwanza. Kijiji gani kinachota?"

"Vingi."

"Taja kimoja niende na ndoo."

Akataja kimoja. Nikamwambia pale nilipita juzi, koki imeshang'olewa. Akataja cha pili. Nikamwambia pale hata mtaro haujachimbwa. Akakata chapati taratibu, akipiga hesabu zake.

"Basi tuseme baadhi."

"Baadhi ni vipi hivyo? Nitaulizwa."

"Mama, unaniua."

"Nakupunguzia mzigo. Endelea kushuka."

"Tanki limejengwa. Hilo huwezi kulikataa."

"Limejengwa. Nimechungulia ndani, lina mijusi inayoishi vizuri sana."

Tukaenda hivyo mpaka chai ikapoa. Kila alichoweka mezani nilikipima, na kila kilichopimwa kilipungua. Mwishoni tulibakiwa na kitu ambacho sote wawili tulikikubali, nikamsomea kama ambavyo ningekisoma barabarani: "Mheshimiwa anasema bomba lipo. Maji bado. Mwenye punda asiuze."

Mabula alinitazama. "Hilo nalo ni tangazo?"

"Ndilo ninaloweza kwenda nalo na bado nikakaribishwa maziwa."

"Nikimpelekea hilo, kesho mimi ndiye nitauza nyanya."

"Usimpelekee. Mwambie mama kapandisha bei mno, mmeshindwana."

Uso ukamng'aa. Akalipa chai, akaenda kusema hivyohivyo, na mpaka leo Mheshimiwa anaamini mimi ni mwanamke ghali. Mteja akaondoka, na mafuta ya gari yakaondoka naye. Pikapu ikalala uani, kuku wakaipenda.

Basi nikaenda kwa miguu. Bwana mifugo alipanga siku nyingine ya chanjo, na safari hii maiki niliiacha nyumbani. Niliingia mji mmoja baada ya mwingine, nikasalimia, nikakaa, nikayanywa maziwa yote niliyopewa kwa kuwa sauti haikuwa na kazi. Nilipofika kwa Nyanzobe nikamwomba awe wa kwanza, watu wamfuate.

"Nitaleta ng'ombe wangu," akasema, "ila utangulie na wa kwako. Na kamba ushike mwenyewe, usimpe mtu."

"Wa kwangu wako kwa kaka yangu, ni mbali."

"Kwani nimesema wako karibu?"

Ndipo nilipojua kwamba na yeye amejifunza kupatana. Nikaenda kwa kaka, nikawaswaga ng'ombe wangu na ndama wake mpaka josho. Watu walikuwa wamekuja kutazama, mikono nyuma, mifugo wameiacha nyumbani. Ng'ombe alipita vizuri. Ndama akashtuka kabla hata sindano haijamgusa, akateleza kwenye saruji, mguu ukavunjika. Bwana mifugo jasho likamtoka, maana kila jicho lilikuwa linauliza kama hiyo ndiyo kazi ya chanjo.

Nikasema kwa sauti ya kawaida, bila spika, "Mmeona wenyewe. Sindano bado iko mkononi mwake. Aliyeanguka ni ndama, na ndama ni wangu. Mwenye kisu yuko wapi?"

Tukamchinja pale pale. Moto ukawashwa, na kwa kuwa nyama haiivi upesi na hakuna aliyetaka kuondoka kabla haijaiva, Nyanzobe akasema basi muda huu tuutumie, akaenda kuleta ng'ombe wake. Mwingine akaenda. Mpaka nyama inagawiwa, josho lilikuwa limejaa vumbi na milio, na bwana mifugo alikuwa anaomba watu wapange foleni. Nimetangaza miaka mingi, sijawahi kuita watu vizuri kama yule ndama alivyowaita. Nyanzobe alitafuna kipande chake, akakimeza, akawaambia waliokuwa karibu naye, "Chanjo ipo."

Tangu hapo nilimalizia kila tangazo kwa neno moja la ziada: nimeona, au sijaona. Wateja wengine walikimbia. Mwenye dawa ya kuotesha nywele alinibembeleza sana niseme nimeona, nikamwambia avue kofia kwanza. Lakini waliobaki walikuwa wateja wa kudumu, na vijijini watu walizoea, wakawa wananipigia kelele gari likiingia, "Mayu, umeona?" Nikisema nimeona, walikuja. Kuku wakanyang'anywa pikapu.

Maji yenyewe yalikuja baadaye, Mheshimiwa akiwa ameshashindwa uchaguzi. Yaliletwa na mafundi ambao hawakuhutubia mtu. Walichimba, wakafunga, wakaondoka. Asubuhi moja Nyanzobe akanipigia simu.

"Njoo na maiki. Yanatoka."

"Nani amekwambia?"

"Ndama wa mwaka huu amelowa."

Nilikwenda, nikanywa, nikatangaza bure. Nyanzobe hajanunua tena punda, anasema yule mtamba amemzalia wa kutosha na hataki kuanza upya kugombana na punda. Naye na mimi tumezeeka vizuri.

Sasa nifike kwenye shida yangu ya wiki hii, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Mheshimiwa alikuja kwangu. Hakuja na msafara. Alishuka kwenye basi, akatembea, mkononi ana kidumu cha mafuta ya alizeti. Ameacha siasa, ameweka mashine ya kukamua pande za Kiloleli. Akaniomba niende nikaione kabla hajasema lolote, na hilo peke yake lilinishangaza. Nilikwenda. Mashine ipo. Inanguruma, inakamua, mafuta yanashuka safi, mizani ni ya haki. Nilipanda juu yake mwenyewe, ikaniambia ukweli nisioupenda. Bei nilijaribu kuishusha, akashuka kidogo, akasimama pale ambapo mtu mwaminifu angesimama. Mafuta nimeyakaangia mayai, ni mazuri.

Lakini wakulima hawaingii. Wanapita na magunia yao mbele ya mlango wake, wanakwenda kukamulia mbali.

"Wananisalimia vizuri sana, dada," akasema. "Halafu wanapita. Nikiwaambia bei, wanacheka kama nimehutubia."

"Unataka nini kwangu?"

"Itangaze wewe, mara moja tu. Sema kuna mashine mpya, ipo mahali fulani, bei yake hii. Jina langu liache. Kuna uongo hapo?"

Hakuna. Hiyo ndiyo taabu. Kila neno ni kweli na nimeliona kwa macho yangu. Nikimtaja, hakuna gunia litakaloingia mlangoni, na vijana aliowaajiri pale, ambao hawakumwahidi mtu kitu, watarudi kukaa barabarani. Nisipomtaja, mkulima wa kwanza atakayemkuta amesimama kwenye mizani atajiuliza nimeficha nini kingine, na safari hii sina ndama wa kumchinjia.

Nikamwambia anipe muda mpaka Jumamosi. Akasema hana haraka. Amewangojesha watu miaka mingi, ni haki naye angoje kidogo. Akaninunulia soda, akanisindikiza mpaka stendi.

Ninyi mlioko barabarani sasa, mnaojua masikio ya watu wa leo kuliko mimi, nishaurini. Tangazo hili mngelipokea? Na jina lake mngeliweka mwanzo, mngelisogeza mwisho watu wakiwa wameshasikia bei, au mngeliacha? Nipigieni kabla ya Jumamosi, na tafadhali mtu asinijibu kwamba inategemea.